Mipira Kumi na Moja ya Castleberry

"Besiboli ya dadu? Ohio nzima hakuna anayeijua kunishinda," Lorene alitamba, akijitupa kwenye kiti chake cha dirishani pale mkahawa wa donati. "Ndiyo maana timu yangu inaburuza mkia mwaka wa nne sasa."

Wenzake wawili wakacheka. Yeye alicheka kidogo tu. Mchezo wenyewe ni wa mezani, kwa kadi zenye takwimu za wachezaji wa kweli: dadu huchagua mstari wa kadi, na mstari husema mpira umefika wapi. Kombe la ligi yao ni birika la marehemu mumewe, Elwood, aliyeianzisha, na miaka yote minne birika hilo limekaa jikoni kwa Dwight, wanayemwita Kikokotoo. Ila leo Lorene alikuwa na bahasha mkobani.

"Kuna habari. Wanaotuchapia kadi za wachezaji wameandika kuomba radhi. Kadi moja wameiboronga."

"Ya nani?" Harlan, wanayemwita Honi, alipayuka hadi muuzaji akageuka.

"Ngoja nimalize donati."

"Itakuwa ya mpigaji wangu! Wiki tatu hajagusa mpira! Nikirusha dadu, nikisoma kadi, katolewa nje! Nikirusha tena, nje!"

"Mkosi tu huo, Honi," Kikokotoo akasema, akifuta miwani. "Ukiwa na subira, takwimu zinakaa zenyewe. Castleberry wangu mwaka jana, uwanjani kwelikweli, alivusha mpira juu ya uzio, pigo kubwa kuliko yote, mara ishirini na mbili. Kwangu tumefika nusu msimu, ana kumi na moja. Nusu kwa nusu!"

"Hata saa ya kanisani haiendi sawa hivyo," Honi akaguna.

"Wivu huo, mzee."

"Wivu gani? Mechi unazicheza jikoni peke yako, sisi unatuletea karatasi!"

"Si kila mtu anacheza kwake? Elwood mwenyewe alisema tuaminiane."

Lorene akaacha kutafuna.

"Elwood mwache apumzike. Hizo kumi na moja, Dwight, zote ulirusha dadu?"

"Zote. Naapa kwa goti langu jipya."

"Na kadi ukaisoma?"

"Kila mara, bibie. Mstari kwa mstari."

Lorene akapangusa sukari vidoleni, akafungua barua taratibu kama anayefungua zawadi. "'Tunasikitika kuwajulisha kwamba kwenye kadi ya Castleberry tulisahau kuchapa mipira ya kuvuka uzio. Yote.'"

Honi akaichomoa kadi kwenye kasha la Kikokotoo la kadi na dadu lililokuwa mezani, akaipitishia kidole juu hadi chini.

"Nje, nje, kituo cha kwanza, nje... Uzio hamna! Huyu mrushie dadu mpaka kiyama, havushi hata kitalu cha nyanya!"

Kikokotoo akakohoa. "Labda... dadu zilikuwa zinaujua ukweli."

"Kumbe zina akili hivyo!" Lorene akasema kwa upole, akizitoa dadu kashani na kuzisukuma mbele ya Kikokotoo pamoja na kadi. "Haya, zirushe hapa tuone. Mpira mmoja tu. Ukivuka uzio, birika la mume wangu baki nalo."

Kikokotoo akatia mikono yote miwili mifukoni.