Konokono wa Baharini Aliyenizuilia Mke

Kibua, tarehe 9 Juni 1969

Kwako Bwana Mhariri wa gazeti la wakulima,

Mimi ni Faustin Ndayambaje, mkulima wa maharagwe na muhogo, Mkristo, msomaji wako tangu gazeti lilipokuwa na kurasa mbili. Ninaandika kwa heshima na kwa uchungu.

Mwezi uliopita ulichapisha habari za wataalamu wa ng'ambo wanaochunguza konokono wa baharini asiye na gamba. Ulisema wamemchagua kwa kuwa chembe za neva zake ni chache, tena kubwa hata zaonekana kwa macho. Na kwamba akishachomwa, baadaye ukimgusa kidogo tu anajikunja, maana anakumbuka. Sina ugomvi na wataalamu. Ugomvi ninao na wewe.

1. Hukumwuliza mtu yeyote mwenye mke kabla ya kuchapisha. Victorine wangu alikwenda Mweso kuwaonyesha wazazi wake mtoto wetu wa kwanza, Anne. Alisema wiki moja. Wiki ya tatu akatuma neno kwamba harudi mpaka nije nitaje kosa langu mbele ya ukoo, kama desturi inavyotaka. Nikabeba bidoni mbili za kasiksi, pombe yetu ya ndizi, siku mbili kwa miguu. Wakanikalisha, wakanywa, wakaniuliza kosa. Sikulijua. Nikataja saba niliyokuwa nayo tayari. Wakasema silo hata moja, ila wamefurahi kuyasikia.

2. Baba mkwe, Papa Sebarenzi, akatoa gazeti lako, akawasomea wote habari ya konokono, kisha akanigeukia: "Konokono ya bahari wanaichoma leo, kesho inakumbuka. Weye, mukwe wangu, tukuchome wapi?" Walicheka mpaka bidoni ya pili ikaisha. Nilirudi peke yangu. Maharagwe ninapika mwenyewe, na yanaungua. Ninamkosa mke wangu, Bwana Mhariri, na mtoto pia.

3. Mnyama huyo hana shamba wala wakwe. Mwenye mambo mawili kichwani atasahau lipi? Mimi ninakumbuka mipaka yangu yote, na kila mbuzi wa jirani aliyekula muhogo wangu tangu mwaka 1962. Tena konokono ninawajua. Hawa wa kwetu ninawatoa kwenye maharagwe jioni, asubuhi wamerudi. Kumbukumbu iko wapi hapo? Labda wanakumbuka maharagwe yalipo, lakini hilo usilichapishe.

4. Kama ni kuhesabu makosa, basi aliyekosewa ni mimi. Victorine alipokaribia kujifungua alimwandikia mama yake aje kumhudumia, kama mama wengine wafanyavyo. Mama mkwe hakuja wala hakujibu. Aliyemwosha mtoto ni jirani, Mama Adelaïde. Victorine alilia siku tatu akitazama barabara. Mimi nilinyamaza kwa ustaarabu. Konokono angenyamaza?

Kwa hiyo ninaomba utangaze kwamba konokono huyo alisifiwa kupita kiasi; wataalamu wamwache, wanichunguze mimi, wanichome mbele ya Papa Sebarenzi ashuhudie; na mama mkwe aombe radhi, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Wasalimie wachapaji wako, wasomaji wote wa Masisi na Walikale, na yule aliyemchora konokono, ingawa alimpendezesha mno.

Mimi, ambaye subira yake inapungua,
Faustin Ndayambaje

P.S. Nilipotafuta bahasha ya kutilia barua hii, nilipapasa koti langu la Jumapili, nikakuta bahasha iliyofungwa. Mwandiko ni wa Victorine, jina ni la mama yake. Nilipaswa kumkabidhi Jean-Bosco, dereva wa lori la Mweso, nami nilimwambia Victorine nimekwisha kumpa. Koti hilo ndilo nililovaa ukweni.

Tafadhali usichapishe namba nne. Wala tatu. Nimeona aibu, na nimelia. Kesho alfajiri ninakwenda Mweso bila pombe, bahasha mkononi, nimpe mama mkwe mwenyewe. Waambie wataalamu kwamba wamechagua mnyama mzuri.

Barua hii anaipeleka posta Mama Adelaïde.