Ganzi ya Fundi na Meza ya Mkataji

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Leo ni leo! Mkataji wetu anastaafu. Tajiri katangaza kwamba Ijumaa atatupima: nani aachiwe meza ya kukatia? Ni mimi au Sentimita, jirani yangu wa cherehani, mtu anayepima hata uzi wa kutupa. Mimi, bila shaka! Miaka yote hii naitolea macho meza ile. Kuna kijambo kimoja tu. Gumba, cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Leo nimedondosha pasi. Nikasema ina utelezi. Sentimita akanipa pole. Mnafiki!

Jumanne, tarehe 4
Dada yangu muuguzi kaniburuta kliniki. Daktari kanigongagonga kifundo cha mkono kwa kidole. Mama yangu! Shoti mpaka kwenye kucha! Akaeleza kwamba mle ndani mna njia nyembamba. Kano zikivimba kwa kukunja na kubana kutwa, zinaukandamiza mshipa wa fahamu. Nipumzishe mkono, nilale na mkanda mgumu wa kunyoosha kifundo. Nikipuuza, gumba litaishiwa nguvu. Bila gumba, mkasi nitaushika kwa kitu gani? Akanipa mkanda. Wa kijivu, mshono umepinda. Nikamrudishia. Fundi mzima nivae kitu kile?

Jumatano, tarehe 5
Nina akili jamani, mpaka najiogopa! Nimejishonea mkanda wangu. Kitambaa cha suti, bitana ya hariri, rula ya plastiki ndani, lastiki safu tatu. Nimeubana ukaganda mwilini, kama kiuno cha gauni la bibi harusi. Fundi wa kweli haachi nafasi. Leo nalala nao.

Alhamisi, tarehe 6
Vidole vimevimba, rangi ya biringanya. Dada kashika kichwa. Kasema mshipa unalia kubanwa, na mimi nauongezea lastiki! Akauchana mkanda kwa mkasi wangu mwenyewe. Nimetoa machozi. Si maumivu, ni ile hariri.
Lakini mimi si wa kukata tamaa. Nitakata kwa mkono wa kushoto! Nimejifungia stoo, nimemaliza magazeti yote kwa kuyakatakata. Naweza! Karibu naweza!

Ijumaa, tarehe 7
Wapi! Mkasi wa fundi umetengenezwa kwa mkono wa kulia; kushoto unatafuna nguo badala ya kuikata. Kwa kuhangaika nao nikasahau kugeuza kitambaa. Nimekata suruali yenye miguu miwili, yote ya kushoto. Tajiri akaitandaza, akaiangalia sana, akauliza huyo mteja anatembea vipi. Meza kapewa Sentimita. Imeniuma, sitadanganya. Jioni mwenyewe kanifuata, kanong'ona kwamba hata yeye vidole vilimfa ganzi mwaka juzi. Alivaa mkanda wa kijivu, akapumzika, akapona. Akanipa wake. Nikashukuru, meno yamekazana.

Jumapili, tarehe 16
Mkanda wa Sentimita unafanya kazi! Hata kikombe nakishika. Na tajiri kasema Jumatano atachagua mkataji msaidizi. Msaidizi! Dada kasema mkono wa kulia bado upumzike. Sawa, umepumzika, mimi ni mtu msikivu. Tangu alfajiri nakata kwa wa kushoto peke yake, mabaki ya vitambaa gunia zima, bila hata kusimama kunywa chai. Sasa hivi gumba la kushoto linanichezacheza, linapiga shoti mpaka kwenye kucha. Furaha hiyo!