Ombi la Kufunga Ukurasa Wangu

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Nimemposa Mwanamina. Mjomba wake, mzee Seleman wa Mtawanya, hakukubali wala hakukataa. Amesema Alhamisi ya wiki ijayo atapita barazani asome daftari la hukumu, maana siku hizi ruhusa kwa kila mtu. Nimekosa raha. Mwajabu, mke wangu wa zamani, alinishtaki kule Mbuchi. Misimu miwili nililala kwenye dungu, kichanja cha kulindia shamba, badala ya kulinda mpunga, nguruwe wakala shamba zima. Hakimu akavunja ndoa. Yote yameandikwa katika daftari hilo, hata idadi ya nguruwe. Sijui nani aliwahesabu.

Jumanne, 4 Agosti
Kwa Mshamu, karani wa baraza. Aliwahi kumposa Mwanamina akakataliwa, hivyo nimemsalimu vizuri sana. Amesema hawezi kuficha hukumu kwa kuombwa kwa mdomo, ila sheria inampa mtu haki ya kuomba mambo ya nyumbani mwake yafungwe. Nijaze fomu, nieleze ninachotaka kifungwe na kwa nini. Sheria nzuri! Nimeeleza kila kitu. Mshamu aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Agosti
Watu wametoka msikitini wakajaa mlangoni pa baraza. Kumbe ombi hutangazwa siku saba, mwenye pingamizi ajitokeze. Jina langu, dungu, nguruwe kumi na mmoja, vyote vimepigwa taipu na kugongomewa mlangoni. Wasiojua kusoma wamesomewa. Mshamu amenieleza kwa upole kwamba umma una haki ya kujua kinachofichwa.

Alhamisi, 13 Agosti
Mzee Seleman hakuingia hata ndani. Alisoma mlangoni, kisha akanifuata kwenye cherehani yangu, kibarazani pa duka la Fazal. Amesema usingizi angeusamehe, kila mtu huchoka. Kinachomshinda ni mtu anayeamka ili afiche tu. Posa imekufa. Mwanamina amerudisha kanga niliyompa. Nampenda, na leo sikushona kitu.

Ijumaa, 14 Agosti
Ombi limekubaliwa, ukurasa umefungwa. Tangazo bado liko mlangoni. Mshamu amesema hilo ni la umma, halitoki bila ombi lake lenyewe. Basi nimejaza fomu nyingine. Safari hii nimeeleza kwa kirefu zaidi, nikataja posa, kanga, Mwanamina na mjomba wake kwa majina, ili uzito ueleweke. Mshamu hakuniuliza kama nina hakika. Amekwenda kutafuta misumari.