Kipaza Sauti Hakikuzimwa

Leo nimeaibika, na soko lote la Nakuru ni shahidi.

Mnajua kazi yangu: ni mkalimani wa daktari mmoja Mzungu wa serikali. Anachunguza kwa nini vijana wa mtaa wetu wa Bondeni wanaugua kisonono na hawaji hospitali. Asubuhi tuliegesha gari la sinema, lenye spika kubwa juu ya paa, kando ya soko. Nikashika kipaza sauti, nikawaalika wazazi walete vijana wao waulizwe maswali kwa siri. (Neno siri nililikazia.)

Wazazi wakaanza kuja. Hata Mzee Athumani, fundi wa nguo, baba yake Zainabu ninayetaka kumwoa, akamleta mwanawe wa mwisho. Nikafurahi sana.

Daktari akataka kwanza tujaribu maswali ndani ya gari. Nesi wetu, Sista Tabitha, aulize. Mimi nijifanye kijana mgonjwa. Kipaza sauti nilikiweka kitini. Kukizima, sikukizima.

Sista akaniuliza mambo ya mwili nilifundishwa na nani. Nikajibu kwamba baba alisema nitajua nikioa.

"Na ugonjwa huu umekaa nao muda gani?"

"Tangu Ramadhani, Sista. Nakunywa mizizi. Naona haya kumwambia mtu." Na hapo nikalia. (Nikifanya kitu, nakifanya kweli.)

Huko nje kukawa kimya. Wauza viazi wamenyamaza, wanunuzi wamenyamaza. Nikafungua mlango nione kuna nini.

Watu wote walikuwa wananitazama. Akina mama walikwisha kuwashika vijana wao mikono, wanaondoka. Nikawakimbilia nikieleza kwamba ulikuwa mchezo tu. Hakuna aliyegeuka. Wale vijana ndio tuliowafuata, na baadhi yao, nahofia, wataendelea kunywa mizizi.

Mzee Athumani alibaki. Nikamwapia kwamba mimi ni mzima kabisa, nilikuwa naigiza.

"Na machozi pia uliyaigiza?" akauliza polepole. Nikasema ndiyo. Akamshika mwanawe mkono. "Basi mtu anayeweza kulia hivyo kwa uongo, binti yangu simpi."

Daktari amefunga kazi, tunarudi ofisini bila jibu hata moja. Sista Tabitha amecheka mpaka kofia imemwanguka.

Nyinyi tafadhali msicheke. Na msinipe pole pia, kwa maana muuza vitunguu ameshanipa: amenivuta pembeni akaninong'oneza kwamba kisonono chake kilipona, nisikate tamaa.