Clara Anakwenda Kulala Pugu

Jumatatu, 8 Juni
Karatasi imetoka shule. Jumamosi darasa la tatu wanakwenda kupiga kambi msitu wa Pugu, kulala usiku mmoja. Clara hajawahi kulala mbali nami, hata kwa bibi yake. Vitu vinavyotakiwa ni vinne: shuka, tochi, kikombe, viatu vya kufunga. Vinne tu. Mahema analeta Mwalimu Petro. Mume wangu Didas kasoma, kasema basi, vyote vipo ndani. Nimetoka nje kupunga upepo. Kibarazani kwa jirani yetu Yumna, mwenye duka la vitambaa, limeanikwa begi la kambi la bintiye Lujain. Lina mikanda, lina mifuko ubavuni, lina na filimbi. Mwanangu aende na shuka? Haiwezekani.

Jumanne, 9 Juni
Nimetoroka ofisini saa sita, nikaaga naenda hospitali. Mitumba, soko la Karume. Nikaulizia mfuko wa kulalia, ule wa kujifungia kwa zipu. Muuzaji kanipa wa bluu, mzito, una manyoya ndani. Mali ya Ulaya. Nyumbani Clara kaingiza miguu. Umeishia magotini. Ni wa mtoto mchanga. Nimemwambia ajaribu kujikunja. Kajikunja, masikini, akaniangalia. Kisha kaomba amlaze mwanasesere wake.

Jumatano, 10 Juni
Nimepita shuleni kumsalimia Mwalimu Petro, nia yangu ajue Clara katoka nyumba inayojua mambo. Mdomo ukanitangulia. Nikamwambia mie nalala kwenye mahema tangu usichana wangu. Akafurahi mno. Akaniomba Ijumaa niwaonyeshe wazazi jinsi ya kusimamisha hema. Nikakubali. Sijawahi kugusa hema. Turubai la msiba nimekaa chini yake tu.

Alhamisi, 11 Juni
Imebidi niende kwa Yumna, maana nasikia ana hema. Nimejifanya nataka kukagua hema lake kama ni imara. Akalitoa papo hapo, akasema nikae nalo mpaka nichoke, na sambusa akanifungia. Ukarimu huo umeniudhi kutwa. Jioni nimelisimamisha uani. Limesimama kama ngamia anayepiga magoti, na vyuma viwili vikanibaki mkononi. Clara kasema kamba ile ni ya nyuma. Nikamwambia asiingilie mambo ya watu wazima. Didas kaingia kulijaribu, likamlalia. Sasa analalamika mgongo.

Ijumaa, 12 Juni
Wazazi kama arobaini uwanjani. Hema limeanguka mara tatu, ya tatu mie nikiwa ndani. Humo joto, giza la kijani, na nje nasikia watu wanavyojizuia kucheka. Halafu sauti ya Clara.

"Mama, toka taratibu. Mie na Lujain tunajua."

Nikatoka. Wakalisimamisha wao wawili, bila haraka, kila kamba mahali pake. Kumbe alasiri zote anazoaga kwenda kucheza kwa Lujain, mchezo wenyewe ni hema. Miezi yote hiyo! Watu wakapiga makofi. Machozi yalinilenga. Mama mmoja akauliza nani kamfundisha Clara. Nikamjibu ni mie.

Jumamosi, 13 Juni
Begi la Clara nimelipakia tangu alfajiri: neti, sufuria, jiko la mafuta, ndoo ndogo, dawa ya kikohozi. Halikuinuka. Mwalimu Petro akalifungua pale getini, akabakiza vitu vinne. Clara akanikumbatia, akaninong'oneza, "Mama, usije kunifuata." Nikamuuliza nani amfuate.

Nyumba kimya. Nimefua nguo zilizo safi. Nimepanga vyombo, nimevipangua. Saa kumi nilikuwa kituoni natafuta bajaji ya Pugu. Nikamkuta Yumna pale, na mkoba wake. Naye anatafuta bajaji. Tumerudi kwake kunywa chai.

Jumapili, 14 Juni
Clara karudi ananuka moshi, sauti imekauka kwa kuimba. Anasema alilia kidogo tochi zilipozimwa, Lujain akamshika mkono, usingizi ukaja. Nimemsikiliza mpaka akalala palepale kwenye mkeka. Nikaapa moyoni kwamba sasa basi, sijikwezi tena mbele za watu.

Jioni hii Mwalimu Petro kapiga simu. Mwezi ujao watoto wanakwenda kutembelea shamba la ng'ombe, na anatafuta mzazi anayejua kukamua. Mie nimezaliwa hapahapa Ukonga, ng'ombe namjua kwenye supu. Nimemwambia asihangaike tena, amepata mtu.