Mwalimu wa Akiba

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi Mkuu wa shule ameingia chumba cha walimu na karatasi yenye mhuri. Ameibandika ubaoni, akaondoka bila neno. Kawaida yake. Akisema, ujue kuna lawama.

Nimesubiri wenzangu waende madarasani ndipo nikaisoma. Mimi kusubiri naweza. Nina vipindi vinne tu kwa wiki, vyote vya uchoraji. Mwaka jana vilikuwa kumi na sita, wakavinyofoa kimoja kimoja hadi nikabaki na vya Ijumaa mchana, wakati hata chaki imechoka.

Waraka unasema serikali imetenga fungu la kufundisha elimu ya fedha katika shule zote za umma. Vitabu watatoa wao. Mafunzo ya wiki mbili hotelini watalipia wao. Somo lenyewe litakuwa na vipindi kumi na viwili kwa wiki. Nilipofika hapo kwenye kumi na viwili, nikavuta kiti nikakaa.

Maana wiki iliyopita Mkuu aliniita ofisini. Alinieleza kwa upole kwamba mwalimu mwenye vipindi chini ya kumi anahesabiwa wa ziada, na walimu wa ziada, muhula ukiisha, wanapangiwa vituo vingine, popote penye upungufu. Nilimuuliza popote ni wapi. Akasema popote.

Nilipomweleza mama watoto hakuinua kichwa kwenye cherehani. Alisema yeye ana wateja wa miaka kumi na moja mtaa huu, binti yetu yuko darasa la mtihani, na cherehani yake haiendi popote. Kuhusu mimi hakusema kitu. Nililala na jambo hilo kifuani.

Sasa vipindi hivi kumi na viwili ni vyangu. Lazima viwe vyangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeurudia waraka. Jana nilisoma kwa pupa. Chini kabisa wameandika kwamba kila shule itaje majina mawili: mwalimu wa somo na mwalimu wa akiba.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Mwalimu wa somo ni wa kushika chaki, basi. Lakini akiba! Akiba ndiyo roho ya fedha. Mwalimu wa akiba ndiye atakayekaa na fungu, atapewa kabati lenye kufuli, labda na chumba. Watu wasio makini watagombania somo. Mimi nataka akiba.

Mkuu amemwachia Bi Hisabati apendekeze majina. Huyu ni mwalimu wetu wa taaluma. Anafundisha hisabati, anapanga ratiba, anatembea na penseli kwenye nywele. Ndiye aliyevinyofoa vipindi vyangu. Kwa mkono wake, kwa penseli hiyo hiyo. Sitarajii jema kutoka upande huo.

Nimeanza kujionyesha mapema. Nimepeleka kibubu shuleni nikakiweka juu ya meza yangu. Kila Mkuu akipita nakitikisa kidogo. Kina sauti nzuri. Ndani ni vifungo vya mama watoto.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeula wa chuya, au nilikaribia kuula.

Nimepita kwa karani kuomba gundi. Fomu ilikuwa mezani kwake, imeshapigwa chapa, inasubiri sahihi ya Mkuu. Mimi kusoma kitu kilichogeuzwa juu chini ni kipaji changu. Mwalimu wa somo: jina langu. Mwalimu wa akiba: Bi Hisabati.

Yaani mimi nipigwe vumbi la chaki, yeye akalie fungu! Na kila asubuhi ananisalimia huku anatabasamu, ananiuliza habari za nyumbani.

Nimetulia. Nimevuta pumzi. Nimemwambia karani kwamba kuna kosa, majina yamepishana, Mkuu amesema yageuzwe. Karani akauliza Mkuu amesema lini. Nikasema sasa hivi, koridoni. Akaniambia yeye hageuzi kitu kwa maneno ya koridoni, niandike. Nikaandika: geuza majina, la juu liwe chini, la chini liwe juu. Akataka nitie sahihi. Nikatia, tena ile ndefu yenye mkia.

Karani amegeuza. Gundi nimeisahau.

Ijumaa, 7 Machi

Fomu imekwenda. Mkuu ameweka sahihi zake thelathini za siku huku anaongea na simu, hakuangalia hata moja. Nilichungulia mlangoni kuhakikisha.

Baada ya vipindi nimepima chumba cha ramani kwa hatua. Nne kwa tatu. Meza itakaa dirishani, kabati la akiba nyuma ya mlango. Ramani zitatafutiwa pa kwenda.

Mama watoto anatafuta vifungo vyake vya koti la mteja. Nimemsaidia kutafuta, hadi chini ya kitanda.

Jumatano, 19 Machi

Majibu yamekuja. Shule yetu imepata fungu. Mkuu amesoma barua mbele ya walimu wote, na mimi nilikuwa nimevaa shati jipya.

Mwalimu wa somo, Bi Hisabati, aripoti mafunzoni Jumatatu. Akirudi ataanza vipindi vyake kumi na viwili. Mwalimu wa akiba atabaki kituoni, na ataitwa endapo mwalimu wa somo atapata udhuru.

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikainua mkono, nikauliza akiba yenyewe itatunzwa wapi. Mwalimu wa michezo ndiye aliyejibu. Alisema akiba ni kama mchezaji wa akiba, yule anayekaa benchi na traksuti. Wamecheka. Amecheka hata fundi aliyekuja kurekebisha feni.

Bi Hisabati hakucheka. Alikuwa ananitazama tu, uso umemshuka, amekwisha kuiondoa penseli kwenye nywele. Nilidhani anaringa.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepiga moyo konde. Barua imesema wazi: endapo atapata udhuru. Basi sijashindwa, nasubiri udhuru.

Kuanzia asubuhi nimeacha dirisha la nyuma ya kiti chake wazi. Kulikuwa na upepo wa baridi na manyunyu. Nikamuuliza kama kifua hakimsumbui. Akasema hapana, asante. Nikamuuliza tena saa nne, na saa sita. Nikamweleza kwamba vitanda vya hoteli huwa vinaumiza mgongo. Akasema mgongo wake hauna tatizo.

Dirisha lile linapuliza moja kwa moja hadi mezani kwangu. Sikulijua hilo. Jioni nimerudi nyumbani na mafua ya kufa mtu.

Ijumaa, 21 Machi

Sauti imekauka. Nimefundisha uchoraji kwa ishara. Darasa limenielewa kuliko siku zote.

Mchana Bi Hisabati amekuja mezani kwangu, akaketi. Alitoa kikaratasi akakilaza mbele yangu. Niliitambua sahihi, ule mkia wake. Akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini nilifanya vile. Nikasema koo linauma.

Ndipo akanieleza. Yeye ana vipindi ishirini na vinane, hana haja na kumi na viwili zaidi. Aliandika jina langu juu ili nisihesabiwe wa ziada. Alimwendea Mkuu siku mbili mfululizo kunipigania, kwa sababu Mkuu alimtaka mwalimu wa michezo. Jina lake mwenyewe alilitia chini kwa kuwa lazima pawe na wa akiba, na hakuna aliyetaka.

Kila asubuhi aliponiuliza habari za nyumbani, alikuwa anauliza kweli habari za nyumbani.

Nililia kidogo. Nikasingizia mafua, naye akakubali ni mafua.

Halafu akaniambia bado kuna njia moja. Somo jipya litamlazimu aachie vipindi kumi vya hisabati vya madarasa ya chini. Amezungumza na Mkuu nivishike mimi. Kumi vinatosha, sitakuwa wa ziada. Mkuu ataniita wiki ijayo aniwekee karatasi mezani. Nisome vizuri kabla ya kutia sahihi. Alilisema hilo mara mbili, ananitazama machoni. Nikamuahidi.

Mtu mzuri sana, kumbe. Nimekuwa nikimwonea bure miezi yote hii.

Jumatatu, 24 Machi

Bi Hisabati ameondoka alfajiri. Ameniachia maelezo ya kipindi cha kwanza cha elimu ya fedha, niwaonjeshe wanafunzi wakati wanamsubiri. Mada: soma kabla ya kutia sahihi.

Nimefundisha kwa moyo wote, ingawa sauti bado inakwama. Nimewaambia watu wengi wanaponzwa na haraka. Wanaona neno moja, linawafurahisha, wanarukia kalamu. Msichana wa dawati la mbele akauliza: neno lenyewe ukilijua, si inatosha? Nikamwambia hapana, binti yangu, neno moja linaweza kubeba maana mbili. Nikaandika ubaoni AKIBA kwa herufi kubwa. Nikawaeleza maana zote mbili, polepole, kama mtu aliyezilipia.

Wamenipigia makofi. Katika miaka kumi na minane sijawahi kupigiwa makofi. Nimerudi nyumbani natembea katikati ya njia. Mama watoto amesema uso wangu una nuru, nimefanya nini. Nikamwambia hatimaye nimelipata somo ninaloliweza.

Jumanne, 25 Machi

Siku njema. Naandika upesi kabla furaha haijapoa.

Mkuu ameniita saa tatu. Mezani kulikuwa na karatasi mbili, siyo moja. Akasema kanuni zinamtaka aniwekee zote mbili, nichague mwenyewe. Ya kwanza imeandikwa juu: KUKAIMU VIPINDI. Kukaimu! Miaka kumi na minane nimekaimu kila kitu shule hii, hadi kengele. Nikaisukuma pembeni.

Ya pili ilikuwa na neno moja tu juu: UHAMISHO.

Mtu anayefundisha elimu ya fedha haelezwi uhamisho ni nini. Fedha zinatoka akaunti ya serikali, zinahamia yangu. Kumbe mwalimu wa akiba naye ana posho yake, wamekaa nayo kimya.

Mkuu alianza kunieleza tofauti ya karatasi hizo mbili. Nikamwinulia mkono. Nikamwambia, kwa heshima zote, Mkuu, mimi ndiye ninayefundisha somo hili. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akauliza kama nimezungumza na nyumbani. Nikasema nyumbani watafurahi.

Nimetia sahihi tatu, zote zenye mkia. Hawakuuliza hata namba ya akaunti, bila shaka wanayo. Wameuliza idadi ya wategemezi, ili wajue posho italisha wangapi. Serikali makini. Wameuliza pia uzito wa mizigo ya nyumbani. Hilo sikulielewa vizuri, lakini sikutaka kuonekana mshamba. Nimekadiria juu, nikaanza na cherehani, maana ile ni chuma tupu.

Mkuu amenishika mkono muda mrefu. Akasema shule itanikumbuka. Mtu mwema, nilikuwa simjui tu.

Nimepitia dukani nikamnunulia mama watoto vifungo vipya, dazeni nzima. Nimefika nyumbani, nimemwambia aache kazi kidogo, nina habari ya kumfurahisha. Amesema yuko kwenye pindo, nisubiri amalize.

Nimeketi kitandani, naandika, namsubiri. Anashona taratibu, anaimba kwa sauti ya chini. Jioni nzuri sana.