Ombi la Kurudishiwa Kikwazo Kimoja Melini

Kwa Mkurugenzi wa Makumbusho ya Meli,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kukuandikia. Ana kwa ana ningekosa sauti.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu: napenda sana kuwa macho ya bibi yangu. Aliacha kuona kabla sijazaliwa. Mimi humsomea magazeti, humweleza mawingu yalivyo, humnong'oneza nani kanuna mezani. Darasani sisemi, ila kwa Bibi mimi ni redio. Kazi hiyo mmeninyang'anya kwa tovuti yenu mpya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani Bibi alikomea chini ya meli yenu kwa sababu ya ngazi. Nilipanda mimi, nikarudi kumsimulia hadi jioni. Sasa simu yake humsomea maelezo ya kila picha ya tovuti yenu, naye anaingia hadi chumba cha nahodha bila kunishika bega.

2. Nilipomwambia usukani ni mkubwa, alinisahihisha: "Una vishikio vinane, mjukuu wangu, na kimoja kimepasuka. Hukuangalia vizuri." Mwenye macho ni mimi.

3. Jirani yetu fundi cherehani, ambaye hasikii, husoma maandishi yaliyo chini ya video zenu. Siku hizi wanatembezana melini wakiwa barazani: fundi huongea, Bibi humjibu kwa kumwandikia kiganjani kwa kidole. Nilipojipendekeza kuwasaidia, niliagizwa chai.

4. Bibi ameigeuza nyumba kuwa meli: jiko letu sasa ni chumba cha injini. Mama amepandishwa cheo, ni mhandisi mkuu. Mimi ni baharia wa kupiga deki. Nilipolalamika, Bibi alicheka: "Mwenye macho haambiwi tazama. Siku hizi hata mimi siambiwi."

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mturudishie kikwazo. Sidai ngazi nzima. Picha moja tu isiyo na maelezo, popote pale, ili Bibi akwame na kuniita. Bajeti ikiruhusu, ziwe mbili.

Nisalimie wote hapo, hasa aliyeandika maelezo ya chumba cha injini. Anaandika vizuri, jambo linalonizidishia uchungu.

Ni mimi, mwenye macho asiye na kazi,
Mjukuu

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, Bibi ameniita. Kwenye picha ya mwisho ya sitaha, simu husema "picha" kisha hunyamaza. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamweleza: kamba nene imeviringishwa, na katikati yake amelala paka, mkia umening'inia nje. Bibi akatabasamu, kisha akauliza, "Na wasio na mjukuu, paka huyu wanamwonaje?"

Nimekaa, nimeandika maelezo ya picha hiyo, nimemsomea Bibi, ameniambia niongeze mkia niliousahau. Nimeuongeza. Maelezo nimeyaambatisha. Tafadhali yawekeni leo.